Hasikii

Ripoti ya mpwa wangu ilinifikia kwa WhatsApp mwanzoni mwa Desemba, imepigwa picha juu ya kitambaa cha meza chenye maua ya alizeti. Mtoto ana miaka sita na alikuwa anamaliza darasa la awali. Dada hakuandika salamu. Aliandika tu: "Mjomba wake, wewe ndiye msomi. Nisomee hii."

Nikasoma. Kusoma 48. Kunakili 84. Imla 12. Hesabu 50. Kuchora 91. Masimulizi 21. Jumla 306, wastani 51, nafasi ya 38 kati ya 44. Kwenye mstari wa maoni ya mwalimu wa darasa kulikuwa na neno moja kwa kalamu nyekundu: Hasikii. Chini yake mkono mwingine, wa mwalimu mkuu, uliandika: Arudie darasa.

Dada alitaka kujua kama ni haki mtoto arudie. Mimi nasoma shahada ya uzamili katika fasihi ya Kiswahili, na kuhusu elimu ya awali nilikuwa najua kiasi anachojua mtu yeyote aliyewahi kuwa mtoto. Kitu pekee nilichoweza kufanya ni kuisoma karatasi ile kama ninavyosoma maandishi mengine: nani anasimulia, anamsimulia nani, na kipi kimeachwa nje ya hadithi.

Ripoti ya shule ni utanzu. Una kanuni zake, na sote tumezilelewa. Msimulizi wake hajitaji. Mhusika mkuu, ambaye ni mtoto, hasemi hata neno moja. Msamiati ni mdogo kuliko wa methali: ana bidii, aongeze juhudi, ni mtundu, ni mzito. Na utanzu huu husomwa kinyumenyume. Hakuna mzazi anayeanzia juu. Jicho linashuka moja kwa moja hadi kwenye nafasi, kisha linapanda kwenye wastani, na likifika huko linakuwa limeshakasirika au limeshafurahi kiasi kwamba alama za kila somo hazisomwi tena. Dada alisoma hivyo. Na mimi mara mbili za kwanza nilisoma hivyohivyo.

Mara ya tatu nilianzia juu. Hapo ndipo namba zilipoanza kuzozana. Mtoto mzito anapataje 91? Mtoto mvivu ananakilije kwa 84? Nikamwomba dada anitumie karatasi ya mtihani wa hesabu. Maswali yalikuwa ishirini. Kumi ya kwanza yaliandikwa ubaoni na watoto wakayanakili na kuyajibu. Mpwa wangu alipata yote kumi. Kumi ya pili mwalimu aliyasoma kwa sauti, na watoto wakaandika majibu tu. Mpwa wangu hakupata hata moja. Matatu alijaza kwa kubahatisha, saba aliyaacha wazi.

Kwa hiyo alama 50 ilikuwa sahihi kwa kujumlisha na uongo kwa maana. Kwenye karatasi ile hakukuwa na mtoto wa hamsini. Kulikuwa na mtoto wa mia na mtoto wa sifuri, na mpaka kati yao ulikuwa mahali pale ambapo mwalimu aliacha kuandika akaanza kusema. Ukiirudia ripoti nzima kwa jicho hilo, inajipanga yenyewe: kila somo linaloingia kwa jicho liko juu, kila linaloingia kwa sikio liko chini. Ripoti ilikuwa inasema jambo, tena kwa sauti kubwa. Wastani ndio uliolinyamazisha.

Sasa turudi kwenye lile neno jekundu.

Kiswahili kimebebesha kitenzi kusikia mzigo mkubwa. Mtoto msikivu ni mtoto mwema. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na hatuna maana kwamba huyo alikuwa kiziwi. Tunaposema mtoto hasikii tunahukumu tabia. Tunamaanisha ana kiburi, amelelewa vibaya, anahitaji fimbo au maombi. Wala hatuko peke yetu. Mwaka 2001 Elena Grigorenko na wenzake walichapisha utafiti kuhusu namna Wajaluo wa Kenya wanavyoielewa akili, na wakaeleza dhana nne: rieko, ambayo ni maarifa na ustadi, luoro, heshima, paro, kufikiri na kuanzisha mambo, na winjo, neno linalobeba kusikia na kuelewa kwa pamoja. Sehemu nyingi za dunia yetu akili na adabu huingilia mlango mmoja, na mlango huo ni sikio. Kuna hekima ndani yake. Kuna pia hatari, kwa sababu mtoto ambaye sikio lake lina hitilafu anapoteza akili na adabu kwa wakati mmoja, machoni pa watu wanaompenda.

Mwaka mzima familia yetu ililisoma neno hilo kama sitiari. Dada alilalamika kwamba anamwita mara tatu mtoto hageuki. Mama akasema ni kiburi cha upande wa baba yake. Mimi, mwezi Juni, nilimnyima soda kwa sababu nilimwita mara nne kutoka jikoni naye akaendelea kupanga vifuniko vya chupa sebuleni kana kwamba nyumba haina mtu. Nimekaa madarasani miaka sita nikifundishwa kutofautisha maana ya msingi na maana ya kitamathali. Haikunijia hata siku moja kwamba neno hilo huenda lina maana yake ya msingi.

Babu yangu aliandikishwa shule kwa sikio. Wasomaji wengi mtakuwa na babu au bibi wa namna hiyo. Cheti cha kuzaliwa hakikuwepo, na mwalimu alimwambia mtoto apitishe mkono wa kulia juu ya utosi ashike sikio la kushoto. Ukilifikia, umri umetimia. Usipolifikia, rudi nyumbani ukachunge. Babu alirudishwa miaka miwili mfululizo na mpaka leo anaisimulia habari hiyo kwa kicheko, huku akituonyesha kwamba siku hizi analifikia.

Ni rahisi kuucheka mtihani ule, lakini nauchukulia kwa uzito kuliko mitihani mingi iliyoufuata. Kwanza ulikuwa na mantiki: mtoto mdogo ana kichwa kikubwa na mikono mifupi kwa kulinganisha na mwili wake, na kadiri anavyokua mkono unakirefukia kichwa. Pili ulikuwa na usawa wa aina fulani. Haukuuliza kabila, lugha wala ada. Kila mtoto alipewa swali lilelile, na kila mtu alilishuhudia jibu. Kasoro yake ilikuwa moja: ulipima urefu wa mkono, ukauita umri, kisha ukauita umri huo utayari wa kusoma. Mtoto aliyedumaa kwa lishe duni alikuwa na mkono mfupi, na akaadhibiwa kwa njaa ambayo hakuichagua. Hilo si jambo la zamani tu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa.

Kupima kitu kimoja na kukiita kwa jina la kingine: hiyo ndiyo ruka ninayoiona katika kila karatasi ya mtihani wa mtoto mdogo tangu siku ile. Imla ya mpwa wangu ilipima masikio ikaita matokeo yake akili. Usaili wa kuingia chekechea za mchepuo wa Kiingereza hupima lugha inayozungumzwa nyumbani kwa mtoto ukaita matokeo yake kipaji. Mtihani wa kuchora hupima kama nyumbani kuna penseli.

Kuhusu penseli yupo mtu aliyelithibitisha vizuri. Robert Serpell, mwanasaikolojia aliyefanya kazi kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Zambia, alichapisha mwaka 1979 utafiti aliowalinganisha watoto wa Lusaka na watoto wa Manchester, Uingereza. Aliwapa wote kazi ya aina moja, yaani kuiga umbo walilooneshwa, lakini akabadilisha malighafi. Kwa penseli na karatasi, watoto wa Manchester waliwashinda wa Lusaka. Kwa waya, watoto wa Lusaka, ambao mitaani kwao magari ya kuchezea hutengenezwa kwa waya, waliwashinda wa Manchester. Kwa udongo wa kufinyanga, ambao watoto wa pande zote mbili walikuwa wameuzoea, hakukuwa na tofauti.

Ukikaa na matokeo hayo kidogo utaona yanachobomoa. Mtu angechukua zoezi la penseli peke yake, angeandika ripoti ya kitaalamu kabisa kwamba watoto wa Zambia wana udhaifu wa kutambua maumbo. Angekuwa na namba. Angekuwa mwaminifu. Na angekuwa amekosea, kwa sababu alichokipima kilikuwa ni mazoea ya penseli. Baadaye Chuo Kikuu cha Zambia kilitengeneza kipimo kilichoitwa Panga Munthu. Badala ya kumwambia mtoto achore mtu, kama ulivyotaka mtihani wa Florence Goodenough wa Marekani wa mwaka 1926, kilimpa udongo na kumwambia amfinyange. Jina ni la Kinyanja, lakini msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani kumtambua mtu aliyemo ndani yake.

Sitaki kulifanya jambo hili kuwa ngano ya waya wa Kiafrika unaoishinda penseli ya Mzungu. Magari ya waya kwa kawaida ni mchezo wa wavulana. Waya pekee nao ungewaacha wasichana wengi nje. Ninachokiona kwa Serpell ni kwamba hakuna malighafi isiyo na upande. Anayetaka kumtendea mtoto haki humjia kwa milango zaidi ya mmoja, kisha huangalia ni upi uliofunguka.

Najua jibu la upande wa pili, na ni jibu zito. Baba yangu alitoka kijijini kwa sababu ya mtihani. Alikuwa mtoto wa mkulima wa pamba, na karatasi aliyoifanya darasa la saba ilikuwa sawa na aliyoifanya mtoto wa afisa. Mtihani haukumjua, na kwa kuwa haukumjua ulimtendea haki ambayo mjumbe, diwani au mwalimu mwenye upendeleo asingemtendea. Anaposikia vijana tukilalamika juu ya mitihani huuliza swali moja: mkiiondoa, nani atachagua? Siwezi kumjibu kwa wepesi. Maoni ya mwalimu nayo yana ukabila wake, umaskini wake, na watoto wake wapendwa.

Lakini swali la baba ni la kuchagua, na mtoto wa miaka sita hachaguliwi kwenda popote. Hakuna nafasi chache za darasa la kwanza ambazo lazima agombanie. Hapo kipimo kina kazi nyingine kabisa, ile ambayo Alfred Binet na Théodore Simon waliikusudia nchini Ufaransa mwaka 1905 walipotunga kipimo chao maarufu: kumtambua mtoto anayehitaji msaada ili apewe. Kilipovuka bahari kwenda Marekani ndipo kiligeuzwa kuwa namba ya kudumu ya kumpanga mtu maisha yake yote. Karatasi ni ileile. Kinachotofautiana ni sentensi inayoandikwa chini yake. "Arudie darasa" ni sentensi ya kupanga. "Apelekwe akapimwe masikio" ni sentensi ya kusaidia.

Cha kushangaza ni kwamba nchini kwetu hoja hii ilikwisha kushinda, angalau kwenye karatasi. Mtaala wa elimu ya awali wa Tanzania wa mwaka 2016 ulijengwa juu ya umahiri kama kuhusiana, kuwasiliana, kutunza afya na kumudu stadi za kisanii, na ulimtaka mwalimu apime kwa kumtazama mtoto anapocheza na kufanya kazi. Haukuwa na mahali pa nafasi ya 38 kati ya 44. Ripoti aliyoletewa dada yangu inatoka kwenye ulimwengu mwingine: ni fomu ya darasa la saba iliyobadilishwa majina ya masomo, ikatolewa kopi, ikapewa watoto ambao baadhi yao bado wanavua viatu wakiingia darasani. Kenya nako, mtaala wa umilisi uliosambazwa nchi nzima mwaka 2019 uliondoa nafasi na kuleta viwango vinne, kuanzia kuzidisha matarajio hadi kuwa chini ya matarajio. Wazazi wakavigeuza upesi kuwa nne, tatu, mbili, moja. Ukibadilisha lebo bila kubadilisha swali, watu watakurudishia lebo yao ya zamani.

Na mwalimu? Nilikwenda kumwona kabla shule haijafungwa, nikiwa nimejiandaa kugombana. Nilimkuta dada wa umri wangu, anafundisha watoto 44 peke yake, huku mwongozo ukisema watoto 25. Kwa hesabu za nchi hii yeye ana nafuu. Katika shule za serikali, baada ya elimu ya awali kuwa bure na uandikishaji kufurika, wastani ulipanda hadi zaidi ya watoto 100 kwa mwalimu mmoja mwenye sifa. Nilimwonyesha ile karatasi ya hesabu, kumi na sifuri. Aliitazama muda mrefu. Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia: "Ndiyo maana ananiangalia mdomo."

Alikuwa analijua. Hakuwa amelipa jina, lakini alilijua. Alijua mtoto huyu hulia akihamishwa kutoka dawati la mbele. Alijua kwamba akimgeuzia mgongo kuandika ubaoni anampoteza. Alijua kwamba siku za mafua anakuwa "mkaidi" zaidi. Alijua kwamba kwenye kuchora wenzake humzunguka ili awaonyeshe. Yote hayo yalikuwa kichwani mwake siku alipoandika Hasikii, ila fomu ilimpa mstari wenye urefu wa kidole. Nilimwomba aniandikie hayo aliyonieleza. Akachana ukurasa wa daftari la mistari mikubwa, wanalotumia watoto, akaandika upande wa mbele na nusu ya nyuma. Nimesoma uchambuzi mwingi mwaka huu, na machache yaliyoandikwa humo yamewaona wahusika wao kama ukurasa ule ulivyomwona mpwa wangu. Hauna namba hata moja.

Tuliupeleka hospitalini pamoja na mtoto. Daktari wa masikio aliusoma kwanza, kisha akachukua kifaa chake. Kulikuwa na maji nyuma ya ngoma ya sikio, pande zote mbili. Alitueleza kwamba watoto wengi hupata hali hiyo angalau mara moja kabla ya kuanza shule, mara nyingi baada ya mafua, na kwa kawaida hupona yenyewe ndani ya miezi michache. Wengine huhitaji matibabu. Usikivu hupanda na kushuka, leo anasikia kesho hasikii, na ndiyo maana watu wazima huamini mtoto anachagua. Alimtaka arudi baada ya miezi mitatu, na akaandika kwamba akae mbele na azungumziwe uso kwa uso. Nilipokuwa nasubiri dawa nje nilimnunulia soda. Haikunisaidia sana.

Hakurudia darasa. Yuko darasa la kwanza, dawati la mbele, na vipimo vya Machi vilionyesha sikio moja limefunguka na la pili liko njiani. Kenya wamekuwa na vituo vya kuwapima watoto na kuwashauri wazazi tangu mwaka 1984. Nasi tuna mkakati wa elimu jumuishi unaosema mambo mazuri. Ningependa kuandika kwamba mfumo ulifanya kazi. Ukweli ni kwamba mtoto huyu aliokolewa na mama mwenye simu ya kupiga picha, mjomba mwenye likizo ya mwezi mzima, na mwalimu aliyekubali kuandika ukurasa na nusu mwisho wa siku ya kazi bila malipo. Hiyo inaitwa bahati, na bahati haiwezi kuitwa upimaji wa haki.

Dada bado ana ile ripoti kwenye simu. Juzi aliifungua tena, akanionyesha nafasi ya 38 kati ya 44, na safari hii alicheka. Mimi nilikuwa nahesabu. Nyuma ya mpwa wangu kulikuwa na watoto sita. Kila mmoja wao alipelekewa nyumbani karatasi kama ile, yenye wastani wake na neno lake jekundu, na huenda ndani ya alama zake kulikuwa na mia na sifuri zilizofungwa pamoja. Yule wa 44 naye ana mtu aliyeisoma ripoti yake. Nina hakika aliisoma kama tulivyoisoma sisi mwanzoni, kutoka chini kwenda juu, na alipofika kwenye nafasi akaishia hapo.